John Scott Haldane, munganga aliyevuta sumu ili ajue kinachoua wachimbaji

Ukitoka Kalemie mjini na kufuata mto Lukuga kuelekea magharibi, kuna mahali panaitwa Makala. Jina hilo si la bure. Chini ya udongo wa pale kuna makala ya mawe, na wakati wa Wabeljiji palikuwa na mugodi, wao wakapaita Greinerville. Lakini leo ukitaja makala katika Katanika, hakuna anayefikiria yale ya mawe. Mtu anafikiria gunia la makala ya miti, mbabula mbele ya mlango na sufuria ya sombe juu yake.

Haya makala mawili ni ndugu. Yakiungua mahali hewa haitoshi, yote yanatoa sumu ileile. Haina rangi, haina harufu, haikoholeshi. Kwa miaka mingi iliua wachimbaji wa Ulaya kwa maelfu, na waliobaki walizika ndugu zao wakifikiri ni moto au ni mshindo wa mlipuko uliowaua. Aliyeonyesha wazi kwamba muuaji ni mwingine alikuwa munganga wa Scotland, John Scott Haldane. Amekufa tangu 1936, lakini habari yake inamhusu kila mtu anayelala na mbabula ndani ya nyumba.

Haldane alizaliwa Edinburgh Mei 1860, katika familia yenye mali na jina kubwa. Kaka yake, Richard, alikuja kuwa waziri wa vita wa Uingereza. Yeye alisoma uganga na kumaliza mwaka wa 1884. Angeweza kufungua kabine yake, atibu matajiri, apate feza na kulala usingizi. Hakufanya hivyo. Kazi yake ya kwanza aliifanya katika mji wa Dundee, akiwa na mwalimu wa kemia aitwaye Thomas Carnelley, na ilikuwa kazi ya ajabu: walipita usiku wa manane katika nyumba za maskini, wakagonga mlango, wakaomba ruhusa ya kuchukua hewa ndani ya chupa wakati watu wamelala. Baba, mama na watoto katika chumba kimoja, madirisha yamefungwa juu ya baridi. Waliipima ile hewa, wakailinganisha na hewa ya nyumba za wenye vyumba vingi na ya mashule. Aliingia hata katika mifereji ya maji machafu chini ya miji, kupima hewa ya mule.

Huko ndiko alikopata tabia aliyoshika maisha yote. Hakungoja hewa iletwe kwenye laboratware. Alienda kuivuta pale watu wanapoivuta.

Baadaye alihamia Oxford, kwenye chuo ambako mjomba wake alikuwa profesa, na huko ndiko alikaa hadi kufa. Alioa mwaka wa 1891, akapata watoto wawili: Jack, ambaye dunia ya sayansi inamjua kwa jina la J.B.S. Haldane, na Naomi, aliyekuwa mwandishi wa vitabu na ambaye uzeeni alipokelewa na Wakgatla wa Botswana kama mama yao. Tutarudi kwa Jack, juu baba yake alimtumia kama kipimo.

Kinachobaki baada ya mshindo

Miaka ile Uingereza ilikuwa inaishi kwa makala ya mawe. Treni, meli, viwanda, moto wa jikoni, vyote. Na migodi ilikuwa inalipuka. Ndani ya makala ya mawe kuna gesi ya metani iliyofungiwa tangu zamani za kale. Mchimbaji akipiga jiwe, gesi inatoka. Ikikutana na moto wa taa au na baruti, inawaka kwa mshindo. Mshindo wa kwanza unaweza kuwa mdogo tu, lakini unainua vumbi la makala lililolala kwenye njia zote za mugodi, na lile vumbi nalo linawaka, linapita mbio kutoka njia moja hadi nyingine.

Sasa jambo lenyewe ni hili. Moto huo ni mkubwa na hewa ya chini ya ardhi ni kidogo. Makala haipati oksijeni ya kutosha kuungua vizuri, kwa hiyo badala ya kutoa tu ile gesi ya kawaida ambayo hata sisi watu tunaitoa tukipumua, inatoa monoksidi ya kaboni, inayoandikwa CO kwa kifupi. Sumu hii haikuwemo mle ndani asubuhi wachimbaji walipoingia. Haikuletwa na mtu. Ni ajali yenyewe iliyoitengeneza kwa dakika chache.

Wachimbaji wa Uingereza walikuwa wanajua kwamba baada ya mlipuko kunabaki hewa mbaya, na walikuwa na jina lake. Jina walikuwa nalo, ila hawakujua ndani yake kuna nini. Wengi, hata wasomi, walidhani inaua juu imekosa oksijeni, au juu imejaa kaboni dioksidi. Na waliokutwa wamekufa karibu na njia ya mlipuko walihesabiwa kuwa wameuawa na moto. Mtu akihesabu vibaya kilichoua, atajikinga vibaya pia. Ndiyo sababu jambo hili halikuwa ubishi wa wasomi tu.

Taa ilidanganya

Tarehe 27 Januari 1896 mugodi wa Tylorstown, katika bonde la Rhondda huko Wales, ulilipuka. Watu 57 walikufa. Serikali ilimtuma Haldane akaangalie.

Wakati huo hakuwa mgeni wa CO tena. Msomi wa Ufaransa, Claude Bernard, alikuwa ameonyesha zaidi ya miaka 35 mbele kwamba gesi hii inashika damu na kuifukuza oksijeni. Ndani ya damu kuna kitu chekundu kinachoitwa hemoglobini, ambacho kazi yake ni kubeba oksijeni kutoka mapafuni kwenda mwilini. Sawa motokari inayobeba mizigo. CO inapanda ile motokari na haishuki. Inashikamana na hemoglobini mara zaidi ya 200 kuliko oksijeni. Kwa hiyo hata kiasi kidogo sana hewani, kama mtu anakivuta kwa muda, kinatosha kujaza damu. Mapafu yanapumua, moyo unapiga, lakini hakuna kinachofika.

Haldane alitaka kujua ni kiasi gani, kwa muda gani, na mtu anasikia nini. Hakuchukua mfungwa wala mgonjwa wa hospitali. Alijifungia na gesi mwenyewe, akawa anaivuta kwa vipimo, huku damu yake inachukuliwa tone kwa tone na mambo yanaandikwa. Alirudia mara nyingi, mpaka siku moja zaidi ya nusu ya damu yake ilikuwa imeshikwa na sumu. Aliyoyaandika yalichapishwa mwaka wa 1895, na mpaka leo yanatisha kusoma. Mwanzoni hakuna kitu. Baadaye kidogo, ukipanda ngazi tu, moyo unapiga mbio na pumzi inakatika. Kichwa kinauma. Magoti yanalegea. Macho yanafifia. Na kilicho kibaya kuliko vyote: akili inavurugika lakini mwenyewe hajui kwamba imevurugika. Anafikiri yuko sawa. Akitaka kusimama aende mlangoni, miguu haimsikii tena.

Wanaosimulia maisha ya Haldane kwa haraka wanarukia habari ya ndege mdogo wa manjano, ambayo tutaifikia. Lakini kazi yake kubwa, kwa kweli, ilikuwa rangi ya damu. Damu ya kawaida ukiichanganya na maji mengi inakuwa na rangi ya manjano. Damu iliyoshikwa na CO, ukiichanganya vilevile, inabaki ya waridi. Haldane alitumia hilo kutengeneza kipimo. Aliweka damu ya kawaida katika chupa moja, damu ya marehemu katika nyingine, na ya tatu ya damu iliyojazwa CO kabisa. Halafu alitia rangi nyekundu, matone yaliyohesabiwa, mpaka rangi zilingane. Kwa idadi ya matone aliweza kusema ni sehemu gani ya damu ya marehemu ilikuwa imeshikwa. Hakuna mashine kubwa, hakuna umeme. Chupa, maji, rangi na jicho.

Huko Tylorstown maiti wengi walikuwa na mashavu ya rangi nzuri, kama watu waliolala. Kwa jamaa zao labda ilikuwa faraja. Kwa Haldane ilikuwa alama. Alichukua damu, akapima, na jibu lilitoka wazi: wachache waliuawa na mshindo au moto. Wengi mno waliuawa na monoksidi ya kaboni, na baadhi yao walikuwa wametembea kwanza, wakitafuta njia ya kutoka, ndipo wakaanguka.

Maana ya jibu hilo ilikuwa nzito. Kama wengi hawakuuawa na mlipuko, basi baada ya mlipuko walikuwa hai. Kulikuwa na dakika ambazo wangeweza kuokolewa.

Taa nayo ilikuwa inawadanganya. Wachimbaji waliamini kwamba mahali taa inawaka, mtu anaweza kupumua. Ni kweli kwa hewa iliyokosa oksijeni: taa inazimika mbele ya mtu kuanguka. Lakini kiasi cha CO kinachoua mtu hakitikisi hata kidogo mwali wa taa. Waliokuja kuokoa walitembea na taa zao zinawaka vizuri, wakaanguka karibu na wale waliokuja kuwaokoa, na taa zikabaki zinawaka pembeni yao.

Ripoti yake ilitoka mwaka huohuo wa 1896. Humo alishauri kwamba waokoaji wabebe mnyama mdogo, panya au ndege. Mnyama mdogo anapumua haraka na damu yake inazunguka haraka, kwa hiyo sumu inamshika mbele sana ya mtu. Alikuwa amejaribu hivyo mwenyewe, yeye na panya katika hewa moja. Baadaye canary, yule ndege mdogo anayefugwa kwa kuimba, alishinda panya kwa sababu rahisi: panya akizimia anaonekana kama amejikunja tu, lakini ndege anaanguka kutoka kwenye kijiti chake na kila mtu anaona. Kuanzia 1911 ndege hao wakawa kifaa cha kazi katika migodi ya Uingereza. Wachimbaji waliwapenda. Kulitengenezwa hata vizimba vyenye chupa ndogo ya oksijeni, ili ndege akianguka afufuliwe.

Mugodi usio na makala

Mwaka uliofuata ulitokea msiba mwingine, mdogo kwa hesabu lakini unaofundisha kuliko wa Tylorstown. Kwenye kisiwa cha Man, kati ya Uingereza na Ireland, kulikuwa na mugodi wa risasi, ile madini, mahali panaitwa Snaefell. Hakuna makala ya mawe mule, hakuna metani, hakuna hatari ya mlipuko. Mei 1897 wachimbaji walishuka asubuhi sawa siku zote, wakaanza kuanguka njiani. Wakafa 20.

Kilichotokea ni kwamba mbao zinazoshikilia kuta za mugodi zilikuwa zimeungua polepole chini kule. Moto wa mbao tu, katika shimo lisilo na hewa ya kutosha. Hakuna aliyesikia mshindo. Haldane alishiriki uchunguzi na damu ikasema neno lilelile: CO.

Mkaguzi wa serikali wa migodi, Clement Le Neve Foster, alishuka siku chache baadaye na wenzake kutafuta mwili wa mwisho. Walikuwa wanajua kuna sumu. Hata hivyo iliwakamata. Foster, akiwa ameketi kwenye jukwaa la ngazi na nguvu zimemwisha, alitoa daftari lake akaanza kumuandikia mke wake maneno ya kwaheri. Aliandika, akarudia, akarudia tena maneno yaleyale, bila kujua anarudia. Waliwavuta juu wakiwa hai. Daftari lile Haldane alilichukua kama ushahidi wa kisayansi: hivi ndivyo akili ya mtu inavyokuwa ndani ya gesi hii. Familia ya Haldane nayo ilikuwa na hadithi inayofanana. Inasimuliwa kwamba mara moja, baada ya kutoka mugodini akiwa amevuta CO, alimtumia mke wake telegramu kumwambia yuko mzima, halafu akatuma nyingine ileile, na nyingine tena, juu hakukumbuka ametuma.

Ndiyo maana mtu aliye ndani ya chumba chenye sumu hii mara nyingi hajiokoi. Si kwamba hakuona mlango. Aliuona, ila akili haikumpa haraka ya kuuendea.

Katika Katanika mbao za Snaefell zinaitwa mbabula. Wakati wa mvua, mama anaingiza mbabula ndani ili makala isizimike, au juu mtoto anasikia baridi, na mlango unafungwa kwa sababu ya wezi na mbu. Moshi umekwisha, makala imekuwa nyekundu safi, na watu wanafikiri sasa haina ubaya. Moshi ndio unaoonekana, lakini CO inatoka hata kwenye makala nyekundu isiyo na moshi wowote. Tangu 2017, wakati watu wengi waliokimbia mapigano ya Watwa na Waluba walipofikia Katanika na kujenga vibanda vya turubai, vyumba vimekuwa vidogo zaidi na hewa ndani yake ni kidogo zaidi. Jenereta inayowekwa ndani ya duka umeme ukikatika, inatoa sumu hiyohiyo. Motopompu inayoshushwa ndani ya shimo la coltan au la dhahabu ili kunyonya maji, vilevile: mwenye kushuka kuizima ndiye anayeanguka, na mwenzake anayemfuata anaanguka juu yake.

Na asubuhi, familia ikikutwa imekufa bila jeraha, nyuso zina rangi nzuri, maneno ya uchawi hayachelewi. Mzee wa jirani anatajwa, mara nyingine mtoto wa kambo. Rangi ile ya mashavu ndiyo ileile Haldane aliyoiona Tylorstown.

Mganga wa leo kwenye hospitali anaweza kupima damu na kujua. Lakini hata bila kipimo, mambo Haldane aliyoyafuata yanaweza kufuatwa na yeyote: je, kulikuwa na moto ndani? Mlango ulikuwa umefungwa? Walioamka wakiwa hai wanalia kichwa, kizunguzungu, kutapika, wote kwa wakati mmoja? Mtu wa namna hiyo anatolewa nje kwenye hewa, hatembezwi wala kulazimishwa kusimama, anafunikwa asipate baridi, na anapelekwa mahali penye oksijeni. Kumnywesha maziwa au mafuta ya mawese hakusaidii kitu, sumu iko ndani ya damu, si tumboni. Kwa hewa ya kawaida mwili unachukua masaa kama 5 kutoa nusu tu ya sumu hiyo. Kwa oksijeni safi inashuka hadi saa moja na nusu hivi. Hilo la oksijeni nalo Haldane alilitangulia: aliweka panya ndani ya CO yenye kuua, lakini pamoja na oksijeni iliyoshindiliwa mara mbili ya kawaida, na panya wakaishi.

Kila gesi na mahali pake

Watu wa Goma na wa pembeni ya ziwa Kivu watauliza habari ya mazuku. Mazuku si CO. Ni kaboni dioksidi inayotoka ardhini penye volkano, nzito kuliko hewa, inayolala kwenye mabonde na mashimo. Ndiyo maana mbuzi, mbwa na mtoto mdogo wanaanguka kwanza huku mtu mzima aliyesimama bado anapumua. Haldane alikuwa ameitenga gesi hii pia, kwa kuonyesha kwamba ile hewa mbaya ya migodi ya zamani, inayozima taa, ni mchanganyiko wa kaboni dioksidi na naitrojeni. Na mwaka wa 1905, yeye na mwenzake Priestley walionyesha kwamba kinachoongoza kupumua kwetu ni hiyohiyo kaboni dioksidi ndani ya damu: ikipanda kidogo tu, pumzi inaongezeka. Mtu aliyeingia mazuku yenye nguvu kidogo anasikia anahema. Mtu aliye ndani ya CO amekaa kimya, hahemi, juu mwili haujui unaibiwa.

Metani yenyewe ni nyepesi, inakaa juu. Hapa ndipo Jack anaingia. Baba yake alimshusha mugodini angali mtoto, wakafika mahali penye gesi hiyo chini ya dari, akamwambia asimame wima na kukariri hotuba ndefu kutoka mchezo wa Shakespeare. Mtoto alikariri kidogo, akaanza kuhema, miguu ikalegea, akaanguka. Pale chini hewa ilikuwa nzuri, akaamka. Hakusahau tena kwamba metani inakaa juu. Mzazi wa leo angeshitakiwa, na pengine ingekuwa haki. Lakini yule mtoto akawa msomi mkubwa, na yeye pia akawa anajifanyia majaribio mwilini mwake sawa baba.

CO haikai juu wala chini. Uzito wake unakaribia ule wa hewa, kwa hiyo inajaa chumba kizima. Kulala chini hakumwokoi mtu, na kulala kitandani pia hakumwokoi.

Vita, vifungo na nyuso za bluu

Tarehe 22 Aprili 1915, karibu na mji wa Ypres, kwao Wabeljiji waliokuwa wanatawala Kongo, Wajerumani walifungua mitungi na wingu la rangi ya kijani na manjano likaelekea kwenye mahandaki ya maadui. Maaskari walikimbia, wengine wakafa wakikohoa. Lord Kitchener, waziri wa vita, alimwita Haldane aende Ufaransa haraka kutambua ni gesi gani.

Alifanya alivyozoea. Aliangalia wagonjwa na maiti. Safari hii nyuso hazikuwa za waridi. Zilikuwa za bluu, na mapafu yamejaa maji, kama mtu aliyezama ziwani. Aliangalia vifungo vya chuma kwenye koti za maaskari, akakuta vimebadilika rangi, na CO haifanyi hivyo. Ilikuwa klorini, gesi ya viwandani, inayotumiwa na watengenezaji wa rangi na wa nguo. Wakati huohuo magazeti ya Uingereza yalikuwa yameita wanawake washone vitambaa vya pamba vya kufunika mdomo, wakashona kwa maelfu. Haldane alikasirika sana: vikiwa vikavu havizuii gesi, vikilowana havipitishi hewa. Alirudi Oxford, akageuza nyumba yake kuwa laboratware, na yeye, wenzake wachache na Jack aliyeitwa kutoka vitani walijifungia ndani ya klorini wakijaribu maski za kwanza, wakitoka mmoja mmoja wanakohoa. Mapafu yake yaliumia.

Serikali haikumshukuru sana. Kaka yake Richard alisukumwa nje ya serikali Mei hiyohiyo, eti anawapenda Wajerumani, na jina la familia likawa mzigo.

Kulikuwa na kazi nyingine nyingi ambazo kila moja ingemtosha mtu maisha yake. Kwa kutumia mbuzi, alitengeneza mwaka wa 1908 vipimo vya kupandisha wazamiaji polepole ili damu yao isitoe mapovu. Katika migodi ya bati ya Cornwall alikuta wachimbaji wamekonda kwa ugonjwa wa minyoo ya safura, na wengine mapafu yao yameharibiwa na vumbi la mawe. Alipanda mlima Pikes Peak wa Marekani mwaka wa 1911 kuona namna mwili unavyozoea hewa nyepesi. Kuanzia 1912 aliongoza laboratware ya utafiti ya wenye migodi huko Doncaster. Wenye migodi ndio waliomlipa, na kuna waliouliza kama mtu anaweza kula kwa tajiri na kusema ukweli kuhusu vumbi lake. Juu ya vumbi la makala, kusema kweli, alikosea: aliliona kuwa halina hatari kubwa kwa mapafu, na wachimbaji wengi walikuja kuugua kwa vumbi hilohilo. Juu ya CO hakukosea.

Mwanzoni mwa 1936, akiwa na miaka 75, alisafiri hadi Uajemi na Iraki, kuchunguza kwa nini wafanyakazi wa viwanda vya mafuta wanaanguka na kufa kwa joto. Alirudi Oxford amechoka, akashikwa na ugonjwa wa mapafu. Alikufa usiku wa kuamkia tarehe 15 Machi.

Ndege wake walibaki kazini miaka 50 zaidi. Desemba 1986 serikali ya Uingereza ilitangaza kwamba zaidi ya canary 200 waliokuwa bado katika migodi wanapumzishwa, na mahali pao panachukuliwa na kifaa cha umeme cha kushika mkononi, kinachoonyesha kwa namba kiasi cha gesi. Inasemekana wachimbaji wengi walihuzunika. Walikuwa wamezoea kuwapigia mbinja wakati wa kushuka.